Lori likisimama, hasara ni ya nani?

Maneno haya niliyasema Jumapili iliyopita hapa Malindi, mbele ya madereva, matanboi (wasaidizi wa dereva) na wenye malori. Waliokuwa safarini siku hiyo wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asalaam aleikum. Vijana, hamjambo? Nanyi akina mama mliofuatana na waume zenu, sogeeni mbele, msikae kule mlangoni. Sehemu kubwa ya nitakayosema leo nilifundishwa na mwanamke, na mtamsikia.

Mwenyekiti aliponipigia simu alinipa swali moja. Kuendesha lori la tajiri na kuwa na lori lako mwenyewe, kipi bora? Akasema, wewe umekaa pande zote mbili, njoo utwambie. Ni kweli. Nimekuwa tanboi. Nimekuwa dereva wa tajiri. Nimemiliki lori, nikanyang'anywa, nikarudi kushika usukani wa mtu mwingine, na leo nina lori tena. Nikikaa na vijana pale kituoni, hilo ndilo swali wanalonitupia hata kabla ya chai kumiminwa: Mzee, ninunue au nisinunue?

Sikuja kuwaambia nunueni, wala sikuja kuwaambia msinunue. Nimekuja na swali langu, na nitalirudia mpaka mnichoke: lori likisimama, hasara ni ya nani?

Kwa sababu lori likitembea, ndugu zangu, hakuna ugomvi. Likitembea kila mtu anakula. Tajiri anakula, dereva anakula, tanboi anakula, mwenye kituo cha mafuta anakula, na mama wa chai na chapati kule Gongoni anakula. Nani amewahi kugombana na mtu siku lori limebeba mzigo kwenda na limebeba mzigo kurudi? Ugomvi wote ninaoujua katika kazi hii, na nimo humu tangu nina miaka 19, ulizaliwa siku lori limesimama. Limesimama kwa gia-boksi. Limesimama kwa masika. Limesimama kwa kukosa mzigo. Limesimama kwa sababu aliyekupa kazi bado hajalipa na huna pesa ya dizeli. Mwenye kuzibeba siku hizo ndiye mwenye lori, hata kama logibuku, hati ya umiliki wa lori, haina jina lake. Wekeni hilo kifuani, twende.

Naanza na mwaka 1997. Wazee wanakumbuka mvua za El Nino. Mimi nilikuwa tanboi, tumebeba unga na sukari kutoka Mombasa kwenda Lamu. Barabara ya Garsen kwenda Mokowe nyakati zile haikuwa na lami, ilikuwa udongo mweusi, na udongo ule ukinywa maji haukuachii. Mto Tana ukatoka nje ya kingo zake. Mbele maji, nyuma maji. Tulikaa siku 19. Tulilala juu ya magunia chini ya turubali, na harufu ya unga uliolowa naijua mpaka leo, chachu yake inakaa kooni. Dereva wangu alikuwa mtu mzima, mwenye watoto. Kila usiku alikuwa akihesabu siku kwa vidole, namsikia: kumi na moja, kumi na mbili. Nikamuuliza, Ami, wahesabu nini? Akasema, nahesabu ada ya shule.

Hapakuwa na M-Pesa wakati huo. Tuliporudi Malindi, tajiri alitukalisha barazani kwake, akatuletea kahawa, akatoa pesa na kuzihesabu mbele yetu. Mshahara wa mwezi wa dereva ukiwa kamili. Posho ya siku 19, yake na yangu. Unga ulikuwa umeoza, na hasara ile aliibeba yeye. Mzee yule kabla ya malori alikuwa na majahazi. Alimwambia dereva: chombo kikitia nanga kwa dhoruba, baharia hula.

Sikilizeni hapo. Watu wa pwani tulijua hesabu hii kabla ya lori la kwanza kufika. Mapato ya chombo yaligawanywa mafungu, na chombo chenyewe kina fungu lake, kwa sababu chombo nacho hula: kinakula kamba, kinakula tanga, kinakula mbao na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo. Tajiri alichukua fungu la chombo, kisha dhoruba ikija ni yake. Alilipwa kwa kubeba dhoruba. Huyo ndiye tajiri. Huyo ndiye mtu wa kumwendeshea lori, na ukimpata, nakuomba, usimkimbie kwa ajili ya maneno ya vijiweni.

Lakini wote si hivyo, sivyo?

Kwa tajiri wangu wa pili nililipwa kwa tripu. Hakuna tripu, hakuna shilingi. Mwanzoni nilifurahi, kwa kuwa mwezi mzuri nilipata kuliko wenzangu wa mshahara. Halafu lori likalala gereji wiki tano likisubiri injekta. Wiki tano, siruhusiwi kutafuta kazi kwingine, maana lori linaweza kupona kesho, na mimi sina senti. Tairi mbili zikapasuka njia ya Mariakani, tairi ambazo nilimwambia miezi miwili nyuma kwamba nyuzi zinaonekana, nikakatwa mshahara. Kioo cha pembeni kikavunjwa na basi, nikakatwa.

Nawauliza, mimi nilikuwa nani pale? Lori si langu. Faida si yangu. Lakini lori likisimama, hasara yangu. Tairi zikipasuka, zangu. Nilikuwa mwenye lori siku za shida na dereva siku za neema. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote katika kazi hii, mbaya kuliko kuajiriwa na mbaya kuliko kumiliki, na wengi wenu mlioketi hapa mmo ndani yake leo mkidhani ni ajira.

Sheria iko, na haikuandikwa jana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandaa ni mwajiri, si wewe. Mkifika mahakamani na yeye hana mkataba wa kuonyesha, kazi ya kuthibitisha mlivyokubaliana ni yake. Inasema una siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka. Inasema kukukatia mali iliyoharibika kunaruhusiwa pale tu ulipoharibu kwa makusudi au kwa kupuuza wajibu wako kwa kujua, tena kwa kiasi cha haki. Tairi iliyochakaa ikapasuka yenyewe, hilo ni kosa lako? Na makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na mwaka huohuo 2007 ikaja sheria ya fidia ya kuumia kazini: ukivunjika mguu ukifunga turubali, ni juu ya mwajiri, na anatakiwa awe amekukatia bima.

Najua mnachosema kimoyomoyo. Ukimwonyesha tajiri sheria, kesho lori lina dereva mwingine. Naijua hofu hiyo, nimekula nayo. Ndiyo maana sisemi uende na sheria mkononi siku ya kwanza. Nasema kabla hujachukua ufunguo, muulize tajiri maswali mawili tu, kwa adabu, kama mnavyozungumza mahari. Tajiri, lori likisimama gereji, mimi nala nini? Tajiri, tairi ikipasuka, ni ya nani? Akikujibu vizuri, mwambie tuandike. Akikasirika, amekujibu.

Sasa twende upande wa pili, ambao ndio umewaleta.

Mwaka 2018 mwanzoni nilinunua lori. Ekseli mbili, la kubeba tani 10. Bei 3,200,000. Nilikuwa nimeweka 800,000 kwa miaka tisa, nikakopa benki 2,400,000, kulipa kwa miezi 36, marejesho takriban 82,000 kila mwezi. Siku nimelileta nyumbani mtaa mzima ulitoka. Mama yangu alilizunguka na chetezo cha ubani, gurudumu kwa gurudumu, mpaka moshi ukanitoa machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hata leo siioni kuwa furaha ya kijinga. Mtu aliyeendesha mali ya wengine miaka mingi akipanda ngazi ya lori lake, mkono wake unashika usukani namna nyingine.

Kazi nilikuwa nayo, chumvi. Mnajua wenyewe, Gongoni, Marereni, Kurawa, chumvi ya kupeleka Mombasa. Tripu 18,000. Mwezi wa kwanza tripu 14. Nikapiga hesabu kichwani: 252,000! Nilipokuwa dereva nilikuwa na mshahara wa 28,000. Nikajiona nimechelewa kuzaliwa.

Sasa huyo mwanamke niliyewaambia. Mke wangu anakaanga mahamri, asubuhi na jioni, miaka yote. Mwezi wa tatu aliniona sina pesa ya kodi ya nyumba, akaniuliza, mbona lori lafanya kazi kila siku nawe huna? Nikasema mambo yatakaa sawa. Akachukua daftari la hisabati la mwanetu, akafungua kurasa za nyuma, akaniambia taja.

Nikataja. Mapato 252,000. Dizeli, tripu moja 8,500, mara 14, 119,000. Tanboi na wapakiaji 1,500 kwa tripu, 21,000. Zimebaki 112,000. Benki 82,000. Zimebaki 30,000. Nikasema, si unaona, 30,000 ni zaidi ya mshahara wangu wa zamani!

Akasema, endelea kutaja. Tairi. Tairi sita, kila moja 28,000, ni 168,000, nazo hunikalia miezi 14. Akagawa: 12,000 kwa mwezi. Sevisi na vipuri vidogo, 9,000. Bima kubwa, ambayo benki ilinilazimisha, 160,000 kwa mwaka, kwa mwezi 13,300 na kitu. Akajumlisha 34,300. Akaitoa kwenye 30,000. Akaandika 4,300, akaiwekea alama ya kutoa mbele, akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu ya mtoto.

Kisha akaniuliza: mshahara wa dereva uko wapi humu? Nikamwambia, dereva ni mimi. Akasema, najua ni wewe, nauliza mshahara wake uko wapi. Mimi nikikaanga mahamri natoa unga, natoa nazi, natoa mafuta, natoa kuni, kisha natoa wangu, kinachobaki ndicho faida. Wewe dereva wako anafanya kazi bure na kila mwezi anaongezea 4,300 ili aruhusiwe kuendesha.

Ndugu zangu, nilikaa kimya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilikuwa inapotea mchana kweupe, na mimi niko juu yake nimeshika usukani.

Na hiyo ilikuwa miezi ya kutembea! Lori lilikuwa halijasimama bado. Chumvi yetu hupikwa na jua. Mvua ikinyesha mabwawa yanajaa maji matamu na kazi inalala. Masika ya 2018 mnayakumbuka, Sabaki ilifurika, ndugu zetu wa Magarini wakahama makwao. Mwezi wa nne tripu tano. Mwezi wa tano tripu mbili. Nikajua kitu ambacho hakuna aliyeniambia: benki haina masika. Kwao hakuna kaskazi wala kusi, kuna tarehe 5, siku ya marejesho.

Tulieni hapa kidogo, maana hapa ndipo palipo na tofauti kati ya tajiri na mimi, na si suala la akili wala bahati. Mwenye malori 10, moja likisimama, tisa yanatembea, na yale tisa yanambeba mgonjwa. Mwenye lori moja, likisimama moja, yamesimama yote. Tajiri mkubwa anapewa mafuta kwa mkopo, anapunguziwa bei ya tairi kwa kuwa ananunua 40, ana fundi wake wa mwezi. Mimi nalipa taslimu kila kitu, na kila tarehe 14 nasubiri bei mpya ya mafuta kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mteja akikaa siku 60 bila kulipa, tajiri anakunja uso, mimi nalala njaa.

Kwa hiyo nilifanya nini? Nilifanya mlichofanya wengi wenu. Niliendesha usiku.

Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Nilipokuwa kwa tajiri nikichoka nilikuwa nasema, tajiri nimechoka. Nilipokuwa na lori langu, nimwambie nani? Usiku mmoja, saa tisa na nusu, nimeshapita Gede na ule msitu wa Arabuko-Sokoke, nakaribia Matsangoni, naenda Mombasa na tani 10. Niliamshwa na sauti. Changarawe. Gurudumu la kushoto liko nje ya lami na changarawe zinapiga chini ya bodi kama mvua juu ya mabati. Nikafungua macho naona, mbele yangu kabisa, ukuta mweupe wa duka na meza ya kuuzia nyanya mbele yake. Nilivuta usukani. Lori likainama, nikasikia magunia yakihama nyuma, likakaa kwa kitambo ambacho bado nakiota, kisha likarudi chini. Tanboi wangu hakusema neno. Alifungua mlango, akashuka, akakaa barabarani.

Meza ile ya nyanya asubuhi ina mtu nyuma yake. Vijana, nawaomba, nawaomba sana: lori lisilokuruhusu kulala halijawa lako. Lina mtu mwingine anayeliendesha kupitia kwako, na jina lake ni marejesho.

Mwaka 2019 gia-boksi ikavunjika. 185,000. Sikuwa nazo. Marejesho ya miezi mitatu yakapita, lori likachukuliwa, likapigwa mnada. Sikumlaumu mtu, saini ilikuwa yangu. Mama alikuwa ameshafariki, na nilishukuru kwamba hakuliona likivutwa.

Kuhusu mikopo nitasema jambo moja, lakini lishikeni. Uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Kuna riba inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, ikipungua kadiri unavyolipa. Na kuna riba inayohesabiwa juu ya deni lote, kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kana kwamba hujalipa hata senti. Asilimia ni ileile, 14 kwa 14, karatasi zinafanana. Deni langu lile la 2,400,000, kwa ya kwanza ni 82,000 kwa mwezi. Kwa ya pili ni karibu 94,700. Kwa miezi 36 tofauti inapita 450,000. Hiyo ni gia-boksi mbili na chenji! Na wanaokwepa riba wakaenda benki za Kiislamu, ambako benki hulinunua lori na kukuuzia kwa bei yenye faida yao inayojulikana tangu mwanzo, nao pia waulize: nikichelewa, inakuwaje? Lori linasimama kwa kila dini.

Nimebakisha kisa kimoja, na hiki si changu.

Kuna njia ya katikati ambayo imeenea sana huku kwetu. Tajiri anakwambia, chukua lori, niletee kiasi fulani kila siku, baada ya miaka mitatu ni lako. Inasikika kama neema, na mara nyingine ni neema kweli, nawajua waliofika. Kijana mmoja wa upande wa Marafa alipewa lori hivyo. Shilingi 3,000 kwa siku ya kazi. Gereji juu yake, tairi juu yake, bima juu yake. Miezi 26 kijana analipa, anavaa suruali moja. Amepita 1,500,000. Tajiri alikuwa mtu mwema, wanapeana salamu, wanakula pamoja Idi. Mwezi wa 27 tajiri akafariki.

Arobaini haikuisha, warithi wakaja kuchukua lori. Logibuku ina jina la baba yao. Wazee wakaitwa, nami nilikuwepo. Mzee mmoja akamuuliza kijana, una karatasi? Akatoa simu. Akaonyesha ujumbe wa M-Pesa, mmoja baada ya mwingine, 3,000, 3,000, 3,000, kidole chake kinapandisha, kinapandisha, hazishi. Mtoto mkubwa wa marehemu, wala hakuwa mtu mbaya, akasema kwa upole: lakini dereva yeyote anayeleta hesabu ya siku kwa baba angekuwa na ujumbe kama huu. Na ni kweli. Ujumbe unasema pesa zimetumwa. Hausemi zilikuwa za nini.

Deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, kila mtu pale alijua. Lakini deni gani? La nani? Shahidi nani? Kijana aliteremka na godoro lake na redio. Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni. Tunaisoma, tunaihifadhi, halafu tunachukua lori la milioni tatu kwa kushikana mikono.

Andikeni. Bei ya lori imekubaliwa kiasi gani. Kila malipo ni ya nini. Likisimama mwezi mzima, je, unadaiwa bado? Mmoja wenu akifa? Mashahidi wawili, nakala mbili, na mmoja wa mashahidi awe mtoto wake mkubwa. Huyo wa mwisho msimsahau.

Mimi nilirudi kuendesha la tajiri, tena kwa mshahara wa mwezi, kwa karatasi. Mwaka 2022 nikanunua lori lingine. Kuukuu, 1,650,000, bila deni. Nilikuwa na 2,050,000. Wenzangu wakaniambia ongeza mkopo kidogo upate jipya. Sikusikia. Zile 400,000 zilizobaki mke wangu aliziweka mahali na kuzipa jina, pesa ya kusimama. Si ya harusi, si ya ada, si ya lori la pili. Ya kusimama. Novemba 2023 mafuriko yalipolikata daraja la Mbogolo, na Malindi na Mombasa zikatengana, lori langu lilisimama na mimi nililala usingizi. Ni kodi tu ndiyo sikuipangia: tangu 2024 kodi ile ya mapema ya malori ni 2,500 kwa kila tani kwa mwaka, yaani mimi 25,000, na nililazimika kuzichota mlemle. Tukazirudisha polepole.

Mgongo wangu umechoka, na tangu mwaka jana nimeajiri dereva. Mwenyekiti, umesema nisizidishe saa moja, namalizia.

Leo lori langu limesimama. Klachi. Liko gereji pale njia ya Lamu tangu Alhamisi, na fundi ananiambia litatoka Jumatano, kwa hiyo mimi katika hesabu yangu naandika Ijumaa. Dereva wangu yuko hapa, safu ya tatu, mwenye kofia ya kijani, na hakutaka nimtaje. Alhamisi usiku aliniuliza lile swali, kwa adabu, kama nilivyomfundisha. Mkataba wake uko kwangu na nakala iko kwake. Mshahara wake wa mwezi huu uko kwa mke wangu tangu tarehe 1, katika bahasha, pembeni kabisa na za klachi.

Sasa naona mikono. Anza wewe, mama, uliye mlangoni.